Siku Niliyokukanyaga Mguu

Nekesa mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa kwa jirani yetu Mama Wambo, na ninavyoujua mkono wake, hutarudi kabla ya saa kumi na moja. Sanduku lako liko hapa mlangoni, limefungwa kamba kwa sababu zipu ilikataa jana. Nimekaa kwenye kitanda chako, karatasi juu ya goti, bado nimevaa aproni ya kazini. Sina mazoea ya kuandika. Kitu kirefu zaidi nilichowahi kuandika ni insha ya kidato cha pili, na mwaka huo ndio nilipata mimba yako, shule ikaisha. Nisamehe nikirukaruka.

Mambo ya kawaida sitayaandika. Ya kufunga mlango, ya kuchagua marafiki, ya kula vizuri, hayo nimekuimbia mpaka ukawa unayamalizia mwenyewe kwa sauti yangu huku ukinicheka. Ninaandika kwa sababu ya Jumapili.

Jumapili mchungaji alikuita mbele wakuombee safari. Akakupa maikrofoni. Ukasimama na ile sketi yako ya buluu, ukasema, "Ninaenda kusomea utabibu kwa sababu ndugu yangu Simiyu alikufa mikononi mwa daktari ambaye hakujua kazi. Sitaki mama mwingine apitie kile mama yangu alipitia." Kanisa lote likaitikia amina. Mama Wambo akalia. Mtu akanishika bega kutoka nyuma. Mimi sikusema amina, Nekesa. Mdomo ulikataa. Ulirudi ukakaa kando yangu, ukaniuliza polepole, "Mum, nimesema vibaya?" Nikakwambia hapana, umesema vizuri sana.

Nataka huo uwe uongo wangu wa mwisho kwako. Yule daktari alijua kazi yake. Mimi ndiye niliyemnyima cha kufanyia kazi.

Unaukumbuka ule mkebe wa biskuti, wa buluu, niliokuwa nikiuweka juu ya kabati la vyombo? Ulitoka Kitisuru, kwa wazungu niliokuwa nikiwafanyia kazi za nyumbani. Yule madam wangu wa kwanza alikuwa akirudi kwao, nyumba nzima ikiwa makatoni. Wiki nzima nilikuwa nikikunja, nikifunga, nikipangusa. Siku ya mwisho akafungua kabati la bafuni, lile lenye kioo, akanimwagia dawa zote kwenye mkebe. "Rose, chukua, una watoto. Hizi zote bado ni nzuri. Ni dhambi kutupa dawa." Aliniambia kwa moyo mweupe, simlaumu. Kila mwenye nyumba anayehama hufanya hivyo, na kila mmoja wetu anayefanya kazi huko hushuka na mfuko wake: nguo, sufuria, viungo vilivyobaki, na dawa. Tulikuwa tukilinganisha hata, nani amepewa nini. Mwenzangu wa Spring Valley alipata pazia. Mimi nilipata mkebe wa dawa, nikajiona nimemshinda.

Humo ndani kulikuwa na kapsuli za kila rangi, vidonge vyeupe vikubwa, chupa ambayo mtoto wao alikunywa nusu. Hakuna dozi moja iliyokuwa imekamilika. Ungenielewa kama ungeona nilivyozipanga. Nilikaa na karatasi zake za maelezo nikisoma neno moja moja, maana Kiingereza cha kidato cha pili sikukiacha shuleni. Niliandika kwa kalamu kwenye kila pakiti: kifua, koo, meno, tumbo. Nilijivunia mwandiko wangu.

Habari ikaenea katika ploti yetu, chumba hadi chumba. Mtu wa kwanza alikuwa Baba Kevo wa chumba cha mwisho, shavu limevimba kama amemeza yai.

"Mama Nekesa, uko? Nasikia uko na kapsuli ya rangi mbili ya wazungu."

"Iko. Jino?"

"Jino, sikio, kichwa, yote. Nipee mbili hivi nitulize hii kitu."

Nilimpa mbili. Kesho yake akapita dirishani akipiga saluti. "Asante, dakitari." Nyinyi watoto mkalishika hilo neno, mkaanza kuniita dakitari mnapotaka chai. Tangu hapo, anayekohoa anakuja, mwenye kidonda anakuja namfungulia kapsuli namnyunyizia unga juu yake, mwenye mafua anakuja. Mmoja ananiletea sukuma wiki, mwingine mayai mawili. Hakuna aliyewahi kunilipa, na sikutaka. Nitakwambia nilichotaka. Kule Kitisuru nilikuwa mtu wa kusugua choo, nikiingia chumbani wanaendelea kuongea kama mlango umefunguliwa na upepo. Hapa Waithaka nikipita, watu wazima wananipisha njia. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Lile neno lilikuwa tamu.

Kwa Simiyu nilikuwa mwangalifu kuliko wote, ndiyo maana inaniuma. Alikuwa wa kukohoa, unajua, tangu azaliwe kile chumba chetu kilikuwa na unyevu. Akianza tu, nachukua kapsuli moja, naifungua juu ya ukurasa wa kalenda, naugawa unga kwa wembe katikati, nusu asubuhi kwenye uji, nusu jioni. Wewe ndiye ulikuwa ukinishikia ukurasa usipeperuke. Siku ya pili homa imeshuka, yuko nje anasukuma tairi. Nami naacha. Nilijiambia, mtoto mzima hapewi dawa, hizi zilizobaki ni za safari ijayo. Nilifanya hivyo mara nne katika msimu mmoja wa mvua, na siku hizi ninajua kwamba kwenye kikohozi cha mafua, dawa ile haikuwa ikifanya chochote. Homa ilikuwa inashuka yenyewe. Mimi nilikuwa napokea sifa za mwili wa mtoto.

Mara ya tano haikuwa kikohozi cha mafua. Nilimpa nusu nusu zangu siku tatu. Haikushuka. Nikabadilisha, nikamsagia vile vidonge vyeupe vikubwa, nikakisia kiasi. Siku ya tano asubuhi nilimvua fulana nimwoshe, nikaona mbavu zinavyoingia ndani kila akivuta pumzi. Nikamfunga mgongoni, nikakushika wewe mkono, tukaenda hospitali.

Hapa nenda polepole ukisoma, kwa maana ndipo ninapotaka kufika.

Kwenye foleni mbele yetu kulikuwa na mama mwingine na mtoto mchanga. Muuguzi akamuuliza amempa nini nyumbani, naye kwa ukweli wake akasema alinunua vidonge viwili vya antibiotiki dukani. Yule muuguzi akapandisha sauti mpaka benchi zima likageuka. "Nyinyi mnajifanya madaktari huko kwenu, mkishindwa ndio mnatukumbuka." Mama wa watu akainamisha kichwa, akajifunika leso usoni. Nilimwangalia. Nikajiona mimi, dakitari wa ploti, nimesimama pale pale. Na nikafikiria jambo lingine: nikisema nina dawa za kizungu kwa wingi nyumbani, wataniuliza nimezitoa wapi, na mfanyakazi wa nyumba akiulizwa ametoa wapi kitu, tayari ni mwizi.

Tukaingia kwa daktari. Kijana, mwembamba, wino umemvujia mfukoni mwa koti, macho mekundu ya kukosa usingizi. Huyo hakupandisha sauti. Alimsikiliza Simiyu kifuani muda mrefu, mbele na nyuma, akaniuliza, "Mama, kabla hamjakuja, mtoto amepewa dawa yoyote? Hata kidogo, hata ya jirani?"

Nikasema, "Hapana, daktari. Ya homa tu."

Wewe ulikuwa umesimama upande wangu wa kushoto. Ulikuwa na miaka kumi na ulikuwa umefundishwa kwamba mtu mzima akikosea hesabu unamsaidia. Ukasema, "Mum, si ile ya kwenye mkeb—"

Nikakukanyaga. Ulikuwa umevaa malapa, vidole vyote viko wazi, na mimi nilikuwa na kile kiatu cha kanisani chenye kisigino. Sikukugusa tu. Nilikukanyaga nikabaki nimekanyaga.

Daktari akainama kidogo akutazame. "Unasemaje, msichana?"

Ukaangalia chini. Ukasema, "Hakuna."

Akaandika. Niliona kalamu ikiandika uongo wangu kwenye faili la mtoto wangu.

Basi akaanza na dawa ambayo angeanza nayo kwa mtoto yeyote ambaye hajaguswa na dawa. Angefanyaje tena? Siku ya kwanza, siku ya pili, homa iko palepale. Siku ya tatu alikuja wodini peke yake, bila wale wakubwa wake, akachuchumaa kando ya kitanda mpaka macho yake yakawa chini ya yangu. Hakuna mtu wa koti jeupe aliyewahi kuchuchumaa mbele yangu.

"Mama, nisaidie. Kuna kitu sielewi kwa huyu mtoto. Dawa haimshiki. Kama kuna chochote alikunywa nyumbani niambie tu, sitakugombeza. Nitajua pa kwenda."

Nekesa, mlango huo ulifunguliwa mara ya pili, na aliyenifungulia alichuchumaa. Nikautazama ukuta. Nikasema, "Nilishakwambia, daktari." Kwa sababu wakati huo uongo ulikuwa na siku tatu, na nikiukana itajulikana ni mimi niliyezipoteza hizo siku tatu. Nilijali nitaonekanaje. Mtoto wangu anavuta pumzi kama mtu anayepanda ngazi, mimi ninajali nitaonekanaje.

Siku ya nne majibu ya damu yalirudi kutoka maabara. Vijidudu vilivyokuwa ndani yake vilikuwa havisikii ile dawa wala dawa za jamii yake. Wakambadilishia. Alhamisi asubuhi, nikiwa nimeshika kikombe cha uji, akanisukuma mkono kama alivyokuwa akikataa uji siku zote, nikamwambia kidogo tu, baba, kijiko kimoja tu. Kumbe hakuwa akikataa uji.

Yaliyofuata uliyaona. Lakini ya kwenye korido hukuyaona, ulikuwa umepelekwa nje na shangazi yako. Mjomba wako Barasa alimshika yule kijana shati. "Uliletewa mtoto hai. Hai! Umemfanya jaribio." Watu wakajaa. Yule daktari hakujitetea. Alikuwa amekumbatia faili kifuani kwa mikono miwili, akasema, "Pole sana, kaka. Pole." Halafu akaniangalia mimi, juu ya bega la Barasa. Sijui alikuwa anajua. Nafikiri alikuwa ananiuliza kwa mara ya tatu. Nikajifunika leso usoni, watu wakasema mwacheni mama, ana uchungu. Na uchungu nilikuwa nao kweli, ndio ubaya wenyewe. Nilijificha ndani ya uchungu wa kweli.

Tukamzika Bungoma. Kaburini walisema ni daktari. Baba yako akasema ni daktari, akaondoka na hasira hiyo mpaka leo haijarudi nyumbani, wala yeye. Hadithi ikashikana, ikawa kitu cha familia. Nawe ukakulia ndani yake, ukasoma nayo, ukafaulu nayo, ukaisimamia kanisani na maikrofoni.

Mkebe nilikaa nao karibu mwaka mzima bila kuufungua. Mama Wambo alikuja kuomba cha kifua cha mtoto wake, nikamwambia zimeisha, akanuna. Siku moja nikauweka ndani ya mfuko nikaupeleka kwa mfamasia pale karibu na Dagoretti Market, yule mzee wa miwani. Nikaumwaga wote kaunta. Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza. Alizichambua moja moja, akaniambia za kutupwa yeye atazipeleka zinapochomwa, nisimwage chooni. Ndipo nikamwambia yote. Mpaka leo ni yeye na mtu mmoja mwingine tu walioyasikia.

Nikamuuliza, "Ni mimi nilimuua?"

Akavua miwani. "Hilo hakuna mtu wa kukuambia kwa hakika, mama. Vijidudu sugu viko kila mahali, angeweza kuvipata hata kwa mtoto wa jirani. Lakini kila ukitoa antibiotiki pasipo sababu, au nusu nusu, vinavyobaki hai ni vile vigumu. Na daktari asipojua mgonjwa amekunywa nini, anatafuta gizani. Zile siku tatu, hizo zingepatikana."

Hizo zingepatikana. Nimeishi na hayo maneno mawili miaka saba. Napangusa nayo meza za watu.

Sasa nisikilize. Kuhusu dozi na majina ya dawa utafundishwa na wanaojua, mimi sina la kuongeza. Ninajua upande mwingine wa meza. Ninajua mama anayekaa pale mbele yako anavyokuwa. Atakuja na mtoto wa mafua, amechoka, ameomba ruhusa kazini, na atataka aondoke na kapsuli mkononi, la sivyo ataona umemdharau. Nawe utakuwa umechoka, foleni imefika langoni, na kumwandikia dawa kutakuchukua dakika moja, lakini kumweleza kwa nini dawa haihitajiki kutakuchukua dakika kumi. Mpe hizo kumi. Ukimwandikia anayestahili, mwambie mpaka lini, na umwambie kilichobaki si cha jirani. Hakuna aliyewahi kuniambia hilo kwa maneno. Na asiyekwambia ukweli, usimwite mjinga. Mimi sikuwa mjinga, nilikuwa na aibu, na aibu ilikuwa imetiwa ndani yangu dakika ishirini kabla, na sauti moja tu kwenye benchi.

Jana nilimpigia Barasa. Nilimwambia nikiwa nimesimama ili nisibadilishe mawazo.

"Dada, mbona unaniambia leo?"

"Nekesa anaenda keshokutwa kuwa yule kijana."

Halafu akasema, "Nilimshika shati." Nilimsikia akipumua, halafu akakata.

Baba yako nitamwandikia wiki hii. Jumapili nitamwomba mchungaji ile maikrofoni. Yule daktari nilimtafuta mwezi uliopita, wakaniambia wengi wa wakati ule walishahamishwa, na jina lake mimi sikuwahi hata kuuliza. Kwa hiyo deni lake sina pa kulipeleka, isipokuwa kwako.

Sijui kama unaukumbuka ule mguu. Miaka hii yote nimekuwa nikikuchunguza. Kuna siku ukivua soksi naangalia kama kuna alama, kana kwamba ingekaa. Kama umesahau, basi sasa unajua. Lakini kama unakumbuka, kama ulikuwa unakumbuka hata Jumapili pale mbele na ukaamua kumlaumu yule kijana ili usinilaumu mimi, basi tua huo mzigo hapa, mama. Ulikuwa na miaka kumi na ndiwe peke yako uliyesema ukweli katika chumba kile. Nusu ya sentensi, lakini ulikuwa umeanza. Sitaki uende shule ukiwa na hasira na watu wa koti jeupe. Nataka uende ukiwa na ile nusu ya sentensi.

Nasikia lango, na sauti ya Mama Wambo anakucheka eti kichwa chako kigumu kusuka. Barua hii naiweka kwenye koti lako jeupe jipya, mfukoni, ili uikute siku utakayolivaa.

Siku hiyo utamuuliza mama fulani swali lile. Akisema hapana haraka mno, na kuna mtoto amesimama kando yake, usimwangalie mama machoni. Angalia chini, miguuni. Ukikuta mguu wa mtoto umekanyagwa, vuta kiti ukae, halafu uulize tena polepole.

Mama yako,
Rose